Nataka kuanza ukocha wa mazoezi pembeni na kazi bado naihitaji, nianzie wapi? (Dodoma)

Mtunza_Stoo_Dom
Wakuu habari zenu. Mimi ni mtunza stoo kwenye kampuni binafsi hapa Dodoma, natoka saa 11 jioni, Jumamosi nusu siku. Nimepiga chuma miaka mingi na pale jimu watu wamezoea kuniuliza skwati inapigwaje, kitambi kinatokaje, sasa juzi mama mmoja wa wizarani na rafiki yake wameniambia kabisa wanataka niwasimamie na watalipa. Hapo ndo nikakwama, sijui hata nitaje bei gani. Halafu mwenye jimu kasikia, akasema humu ndani kocha wa nje haruhusiwi, ukitaka kufundisha tuongee (namjua, ni hela hiyo). Cheti sina. Kazi siachi, nina watoto wanasoma. Waliopita njia hii nisaidieni, ila wale wa "jiamini kaka" wapite kushoto.

Kocha_wa_Ilazo
Karibu kwenye ligi mkuu, mi mwenyewe nimeajiriwa mpaka leo. Kabla ya bei angalia saa. Wenye hela ya kukulipa hapa Dom wengi ni wafanyakazi, wanapatikana saa 11 alfajiri mpaka 12 na nusu, basi. Jioni mtu wa ofisi za serikali kule Mtumba mpaka afike mjini, apite soko la Majengo kununua mboga, achukue mtoto, ishakuwa saa 1 na hana hamu ya kukuona. Ukikubali kila anayekuja utaanza kusinzia juu ya leja ya stoo na bosi hatokuelewa.

Bei piga hesabu na boda ndani. Tuseme unatoza 10,000 kwa kipindi, mara 3 kwa wiki, ni kama 120,000 kwa mwezi. Boda kwenda na kurudi ikiwa 4,000, hapo 48,000 kaondoka nayo bodaboda, wewe umebaki na 72,000 na usingizi hujalala. Kama unakaa Nkuhungu mteja wa Nzuguni mwache hata akikubembeleza. Mi nachukua wa mtaani kwangu tu, naenda kwa mguu. Hao wawili wako wafundishe pamoja, kila mmoja mpunguzie kidogo, saa ni ileile ila mfukoni inaingia zaidi. Na hela iingie kwenye simu kabla mwezi haujaanza, asipotokea bila kusema jana yake kipindi kimeliwa. Waandikie hayo kwenye meseji mapema, maana sisi tukishazoeana kudaiana inakuwa ugomvi.

Mwenye jimu usimnunie, vyuma vyake na umeme wake. Muulize anataka shilingi ngapi kwa kila mteja, akikomaa nenda majumbani. Mkeka, raba za kuvuta na dambeli mbili zinakutosha kwa kuanzia.

Bishoo_wa_Kikuyu
Nani akulipe wakati jogging ni bure? Tangu 2016 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alitangaza Jumamosi ya pili ya mwezi ni ya mazoezi, watu wanavaa tisheti, picha mbili tatu, halafu supu. Januari utajaza wateja, Machi utaruka kamba peke yako 😂

Kocha_wa_Ilazo
@Bishoo hao wa supu ndo wananilipa sasa.

Mama_Pacha_Kisasa
Mi ni mkunga na nafundisha wamama jioni. Kaka yangu, mwanamke akikuita nyumbani kwake ongea na mumewe pia, fundishia sebuleni au uani mlango wazi, na usimshike mgongo kumrekebisha kabla hujaomba. Ukichafuka jina mtaa mmoja wa Kisasa, Dodoma nzima wamesikia.

Kingine, wengi wanataka kitambi cha baada ya kujifungua kiondoke wiki ijayo. Usimpe sit-apu siku ya kwanza! Mlaze chali, magoti juu, ainue kichwa kidogo tu, aweke vidole viwili juu ya kitovu. Vikizama katikati kama kuna mfereji, misuli ya tumbo imeachana, huyo aanze na kupumua kwa tumbo taratibu na aende kliniki wamwone. Aliyejifungua kwa kupasuliwa asianze mpaka daktari aseme ndiyo. Ndo maana nasema kasome kwanza ndugu yangu. Vyeti vya ukocha vya nje kama ACE na NASM vya Marekani vinalipiwa dola na wanataka uwe umefundishwa kuokoa mtu moyo ukisimama, hapa nchini kuna chuo cha michezo Malya kule Kwimba. Kwa kuanzia nenda hata mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu.

Kocha_wa_Ilazo
Hapo dada sikupingi kwenye huduma ya kwanza, ila akisubiri cheti cha dola hao wawili watakuwa wameshaghairi. Aanze na wazima, wenye matatizo awaache kwanza.

Karani_Mstaafu
Kijana soma mkataba wako. Kuna mikataba inakataza kazi nyingine bila kibali cha maandishi. Wenzetu wa serikalini ndo wamebanwa zaidi, wana Kanuni za Kudumu za utumishi wa umma na suala la mgongano wa maslahi. Usitumie simu ya ofisi wala muda wa ofisi. Na kodi ya PAYE inayokatwa kwenye mshahara haijalipia hiki cha pembeni, TIN yako (namba ya mlipa kodi) ni hiyohiyo, nenda TRA waisajilie biashara.

Mtunza_Stoo_Dom
Asanteni sana. Mkataba nimeutoa kabatini, kipengele kipo, Jumatatu naandika barua. Swali moja, yule mama wa wizarani ana presha na anameza dawa, nimwache?

Mama_Pacha_Kisasa
Usimwache, presha inapenda mazoezi. Ila akuletee neno la daktari wake kwanza na umuulize dawa gani, nyingine zinazuia mapigo ya moyo kupanda, kwa hiyo usimpime kwa mapigo, mpime kwa maongezi, aweze kuongea sentensi nzima akiwa anatembea. Asibane pumzi akinyanyua kitu. Kuna mashine za kupimia presha mkononi madukani, akae dakika 5 kabla ya kupima, ikisoma 180 kwa 110 au zaidi siku hiyo hakuna mazoezi, ni hospitali. Maumivu ya kifua hata kidogo, hapohapo mnasimama.

Bishoo_wa_Kikuyu
Sawa nimekaa kimya. Ila na mimi nina kitambi, unakaa mtaa gani @Mtunza_Stoo?