Shifoni inanikimbia kwenye cherehani, nisaidieni kabla ya Jumamosi

Mama Pacha: Habari za jioni wakuu. Nashona blauzi ya shifoni mwenyewe hapa nyumbani. Kitambaa kinateleza, mshono unajikunja, na kila nikianza cherehani inakimeza. Sindano ni namba 16, ileile niliyoshonea jinzi. Nifanyeje? Inatakiwa Jumamosi.

Sindano Butu: 16 kwenye shifoni? Dada, hiyo ni ya kushonea magunia! Weka namba 9, ukikosa basi 11, na uzi mwembamba. Tandika karatasi nyepesi chini, shona pamoja nayo, halafu uichane taratibu. Ukianza mshono, shika nyuzi zote mbili kwa nyuma.

Mzee wa Magomeni: Marehemu mama alikuwa anachovya kwenye maji ya wanga wa muhogo, anaanika kivulini, kinakakamaa kama karatasi. Akimaliza kushona anakifua. Alitusomesha wanne kwa cherehani ya mkono. Mabinti wa siku hizi mnajua kucha tu.

Kijana wa Stendi: Mimi kinachoniteleza ni mshahara, nao niuchovye kwenye wanga?

Pwani Raha: Kwani mafundi wameisha? Mpelekee fundi ulale.

Mama Pacha: Fundi hapana. Nimeshakata.

Pwani Raha: Hapana kwa nini? Sema ukweli tukusaidie.

Mama Pacha: Haya. Kitambaa ni cha wifi yangu, cha sendoff ya binti yake. Alinipa na 30,000 ya fundi, nikalipia gesi na umeme. Sijaiba, si kazi naifanya mwenyewe? Ila mikono yote miwili imetoka ya kushoto.

Pwani Raha: Kwa hiyo fundi ni wewe na hela umeshakula. Makubwa.

Bi Mkasi: Hapo ndipo nimeshtuka. Shifoni pande zote ni sawa, mkono wa kushoto ukiugeuza unakuwa wa kulia. Hii ni chai, tena haina hata tangawizi.

Kijana wa Stendi: Leteni vitumbua.

Mama Pacha: Ina pambo la kung'aa upande mmoja! Nilikata kimoja kimoja nikasahau kugeuza karatasi ya kipimo. Wifi anakuja kesho kujaribisha, muda wa kutunga naupata wapi?

Bi Mkasi: Ungesema pambo tangu mwanzo. Kimebaki kiasi gani?

Mama Pacha: Cha leso. Nawaza nimwambie ndio mtindo mpya.

Mzee wa Magomeni: Mama aliwahi kumtolea mwalimu mmoja suruali yenye miguu yote ya kulia...

Sindano Butu: Mzee, subiri. Mama Pacha, mkono hutofautiana pale juu tu, upande wa mbele huchimbwa zaidi. Ukunje katikati kwa urefu, chimba na nyuma vilevile. Utakuwa hauna kushoto wala kulia. Utambana kidogo mgongoni.

Mama Pacha: Atagundua?

Sindano Butu: Akikaa, hapana. Muziki ukipigwa akainua mikono, ndiyo.

Mama Pacha: Huyo wifi kwenye sherehe hakai.