Injini ya 4A-FE iliyonyeshewa mvua: je, itamaliza mbio za saa sita?

Dereva wa Bombo

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kufungua injini kwa mikono yao wenyewe, kwa sababu kila anayepita hapa nyumbani ana lake la kusema, na sasa tumebaki katikati.

Sisi ni marafiki wanne wa Bombo, na tuna Toyota Corona kuukuu ambayo tunataka kuishindanisha kwenye uwanja wa mbio wa Busiika, hapa Uganda, na magari ya vikundi vingine vichache tunavyofahamiana navyo: saa sita mfululizo, madereva wakipokezana, na anayezunguka mara nyingi zaidi ndiye mshindi. Wazo lenyewe tumeliazima Marekani, ambako tangu mwaka 2006 kuna mashindano yanayoitwa 24 Hours of Lemons, yenye sharti kwamba gari lisizidi dola 500, vifaa vya usalama vikiwa nje ya hesabu hiyo. Sisi tumejiwekea shilingi 2,500,000 kwa gari lote, bila kuhesabu kizimba cha chuma cha kumlinda dereva gari likipinduka, mikanda na kofia za madereva.

Injini ya gari ilinoki zamani. Tumenunua nyingine, 4A-FE ya Toyota, ya silinda nne na sentimita za ujazo 1,587, kwa muuza vyuma chakavu, kwa shilingi 450,000. Ilitoka kwenye gari lililogongwa nyuma, kwa hiyo bloku haina ufa wowote tunaouona. Shida ni kwamba ilikaa nje ukutani kwa muda mrefu bila plagi mbili, na mvua ikaingia. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikuwa haizunguki kabisa. Tulimimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki, tukaiacha siku nne, na siku ya tano ikazunguka huku ikilia kama mlango wa ghala. Tulipopima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, tulipata 150, 148, 85 na 152, kwa pauni kwa inchi ya mraba, tukianzia silinda ya kwanza.

Je, tuifungue injini yote, au tubadilishe ringi za silinda ya tatu peke yake na gasketi ya hedi? Fundi wa hapa mtaani anasema pia tutoe thamostati ili isichemshe, na tukwangue hedi ili tupate nguvu. Je, amesema kweli?

Mzee wa Spana

Kijana wangu, kabla ya kuililia silinda ya tatu, ujue kwanza kwamba zile tatu nyingine si mbovu. Kitabu cha Toyota kinataka 191 kwa injini hii, na isipungue 142, lakini hivyo ni vipimo vya usawa wa bahari. Ninyi mko juu, karibu mita 1,200, na hewa ya huko ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo hata injini iliyo nzima kabisa itawaonyesha kama 165 hivi. Hiyo 150 yenu ni ya injini iliyochoka kidogo, wala si ya injini iliyokufa. Nimeona watu pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala, wakikataa injini nzuri kwa kushikilia namba za kitabu, na nimeona wengine wakinunua mbovu kwa sababu muuzaji aliamka mapema akamimina oili ndani ya silinda kabla wateja hawajafika.

Ujanja huo wa muuzaji ninyi mnaweza kuutumia kwa haki. Mimineni kijiko kimoja cha oili kwenye silinda ya tatu, mzungushe injini kidogo, kisha mpime tena mkiwa mmetoa plagi zote nne, mmefungua koo la hewa hadi mwisho, na betri ikiwa imejaa chaji. Kompresheni ikipanda sana, ubovu uko kwenye ringi au ukuta wa silinda. Ikibaki palepale, basi valvu ndizo hazikai vizuri, jambo ambalo lisingenishangaza, kwa sababu maji yanayoingia kwa tundu la plagi hayachagui pa kushikisha kutu.

Lakini hata majibu yakiwa mazuri namna gani, ifungueni yote. Ringi za silinda moja peke yake ni kazi ya kuuza gari, si ya kushindana. Injini ya chakavu ina historia usiyoijua, na historia hiyo imekaa chini kwenye sampu, lile bakuli la oili: fungueni sampu kwanza, mtazame chujio la pampu ya oili kabla hamjagusa hedi. Nitashangaa nikisikia ni safi. Mafundi wetu wengi hupaka silikoni ya kuzibia mivujo kama wanaopaka siagi kwenye mkate, na ile inayobanwa kwenda ndani hukatika, ikaishia kwenye chujio.

Kereza wa Katwe

Nakubaliana na Mzee kuhusu kuifungua, ila naongeza upande wa kupima, maana mimi ndiye ninayeletewa bloku watu wakishaharibu.

Silinda ya tatu ikishakuwa tupu, pitisha ukucha polepole kutoka juu kwenda chini. Doa la kutu ambalo jicho linaliona lakini ukucha haulihisi litaondoka kwa kusugua silinda kwa mawe. Ukucha ukikwama, hapo kuna shimo, na hakuna ringi duniani itakayoliziba. Wengi watakwambia ukereze silinda zote nne uweke pistoni kubwa za milimita 0.50. Ni kazi safi, na injini itapanda hadi sentimita za ujazo 1,607, lakini pistoni nne mpya zitameza bajeti yenu. Mimi ningetia slivu, yaani bomba la chuma la kuwa ukuta mpya, kwenye silinda hiyo moja, niirudishe kwenye milimita 81 za asili, kisha nitumie pistoni ileile kama haijachubuka, na ringi mpya kwa zote nne. Ringi hizo msizipachike kama zilivyotoka kwenye boksi. Ingiza moja ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ili ikae sawasawa, halafu pima mwanya wa ncha zake. Ukipata kama milimita 0.30 uko salama. Ncha zikigusana injini ikipata moto, ringi itakwaruza silinda au itavunjika, na mtakuwa mmetupa kazi yote.

Krenki ya injini hii ina jano, zile sehemu zinazozunguka ndani ya beringi: kuu ni za milimita 48, na za konrodi, vyuma vinavyoshika pistoni, ni za milimita 40. Zipimwe kwa maikromita, tena kila moja pande mbili, kwa sababu jano iliyochakaa huwa na umbo la yai kabla haijawa ndogo. Beringi mpya zikiwekwa, pimeni nafasi ya oili kwa ule uzi laini wa plastiki unaokandamizwa kati ya beringi na jano. Kama hamna uzi huo, nileteeni nipime kwa geji. Kuna mchezo mmoja ambao ninaomba msiufanye hata mkiambiwa na nani: kuipiga beringi msasa ili krenki izunguke vizuri. Ikikaza, kuna sababu, na msasa hauiondoi sababu hiyo.

Kuhusu kukwangua hedi, jibu langu ni hapana. Wekeni rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi na mjaribu kupitisha geji ya milimita 0.05 chini yake. Isipopita, hedi iacheni. Ikipita, itakwanguliwa kiasi cha kunyooka tu. Kukwangua zaidi ya hapo hupandisha kompresheni, na kompresheni ya juu kwa petroli ya kawaida, jua la saa saba, na dereva mchovu asiyesikia injini ikigonga, ni njia fupi ya kurudi kwa muuza vyuma chakavu.

Msoma Ramani

Kaka, mimi si fundi, lakini nimekaa kiti cha kushoto kwenye rali kwa miaka kadhaa, na nimeona injini nyingi zikifia barabarani kuliko gereji.

Thamostati iacheni mahali pake. Ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto la kufanyia kazi na kuiweka hapo. Ukiitoa, kompyuta huona injini bado ni baridi, ikaendelea kumwaga petroli nyingi, na petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda ambazo mmetoka kuzilipia. Wanaoitoa mara nyingi wanaficha rejeta iliyoziba. Badala yake, nunueni thamostati mpya, itieni ndani ya sufuria ya maji ya moto mwone inafunguka, safisheni rejeta, na msidharau kifuniko chake. Kwa mwinuko wetu maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ni kifuniko kinachoshika presha ndicho kinachowapa nafasi ya kupumua juu ya hapo. Kifuniko chenye mpira uliokauka kimeshaua injini nyingi ambazo lawama zake zilipewa gasketi.

La pili ni vumbi. Murramu ya Busiika, ule udongo mwekundu, huingia kila mahali. Baada ya kila zoezi, ng'oeni bomba la hewa, mpitishe kitambaa cheupe ndani yake upande ule ulio baada ya chujio. Kikitoka na wekundu, kuna mahali pananyonya hewa bila kuchuja, na kwa saa sita hilo linatosha kuzila ringi mpya.

Tatu, mwekeni geji ya kweli ya presha ya oili, na taa nyekundu kubwa mbele ya macho ya dereva, maana dereva anayemfukuza mwenzake hatazami geji. Sampu iongezewe vizuizi vya bati ndani, ili oili isikimbilie upande mmoja kwenye kona ndefu na kuliacha chujio la pampu likinyonya hewa. Mchomeaji yeyote mzuri ataifanya kazi hiyo kwa nusu siku, ila mwambieni asizibe njia ya oili kurudi.

Dereva wa Bombo

Nawashukuru sana. Tumefungua Jumamosi. Mzee, ulisema utashangaa, basi usishangae: karibu nusu ya chujio la pampu ilikuwa imefunikwa na silikoni ya rangi ya chungwa, vipande virefu vyembamba kama minyoo, na kimoja kilikuwa bado kinaning'inia kwenye ukingo wa sampu. Beringi ya konrodi ya pili imeisha hadi shaba inaonekana, ingawa kompresheni ya silinda hiyo ndiyo ilikuwa haina neno. Tungefanya silinda ya tatu peke yake, tusingeiona.

Ukucha umekwama kwenye silinda ya tatu, sehemu mbili, kwa hiyo bloku inakwenda Katwe kutiwa slivu. Hedi imenyooka. Bado kemu, ile mihimili inayofungua valvu, hatujazing'oa. Tunaogopa ile gia yenye vipande viwili.

Mzee wa Spana

Mmeogopa vizuri. Kwenye injini hii mkanda wa taimingi unaendesha kemu moja, na hiyo ndiyo inayoendesha ya pili kwa gia. Gia hiyo ina vipande viwili vinavyosukumana kwa springi ili isipige kelele. Tafuteni tundu lake, mfunge boliti ya milimita 6 ishike vipande vyote viwili kabla ya kulegeza kofia za kemu, kisha mlegeze kidogo kidogo ili kemu ipande ikiwa imelala sawa. Ikinyanyuka upande mmoja, hedi inaweza kupasuka pale kemu inapokalia, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Wakati wa kufunga hedi, boliti ni za urefu wa aina mbili: za milimita 90 zinakaa upande wa hewa kuingia, na za milimita 108 upande wa ekzosi. Matundu yake kwenye bloku yasafishwe na kukaushwa kabisa, kwa sababu oili iliyotuama chini ya boliti haina pa kwenda, na inaweza kuupasua ukuta wa tundu mnapokaza. Anzeni katikati kwenda nje, kwa spana ya kupimia, nyutoni mita 29, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine. Spana hiyo kama hamna, azimeni. Msikaze kwa kukisia.

Pampu ya oili ijazeni vaselini kabla ya kuifunga, ili ipate cha kushika mara ya kwanza. Kabla ya kuwasha, toeni plagi, katisheni umeme wa petroli, mzungushe kwa stata hadi geji ya oili inyanyuke. Ikishawaka msiiache ikinguruma taratibu kwa saa nzima kama ilivyo desturi yetu. Itoeni barabarani, ipande mlima ikiwa na mzigo, ishuke, ipande tena, kwa sababu ringi hukaa kwa kubanwa. Siku hiyohiyo mwage oili, na chujio la oili mlilotoa mlipasue mtazame karatasi yake kwenye jua. Likateni kwa kifaa cha kufungulia makopo au patasi, lakini si kwa msumeno, maana unga wa msumeno utawadanganya kwamba beringi zimekwisha.