Naomba ushauri: ndege ilighairi kutua Mtwara, mama hataki kupanda tena

Wakuu habari zenu. Wiki iliyopita natoka Dar na bimkubwa kurudi Mtwara, tumekaribia kabisa kugusa ardhi, mara injini zikanguruma ndege ikapaa tena, mvua ilikuwa imeziba uwanja. Rubani akakaa kimya dakika kama tano ndo akatutangazia, na kimya hicho ndo kilimuua mama, anasema marubani walikuwa wanagombana na mnara wa kuongozea ndege.

Nimemwelewesha sana jamani, kwamba rubani kwanza anairusha ndege, pili anaangalia anaelekea wapi, kuongea ni ya tatu, na akiongea anaanza na muongoza ndege kumwambia anapaa tena, wala haombi ruhusa, halafu anapewa uelekeo na kimo anarudia vilevile alivyosikia ili wasielewane vibaya, sisi abiria ndo wa mwisho. Hataki kusikia.

Mwezi ujao ana kliniki Dar na miguu yake haiwezi basi, ni zaidi ya kilomita 500. Wenye wazazi waoga au mnaofanya kazi mnarani, nimwambieje akubali?