Naomba ushauri: vikundi kwenye darasa lililojaa

Wakuu, nafundisha Biolojia kidato cha pili, shule ya kata pembeni mwa Moshi. Darasa limefurika. Nimejaribu njia ya mwanasaikolojia Elliot Aronson ("jigsaw"), iliyoanzia Austin, Texas, mwaka 1971: kila mmoja kikundini anapewa kipande chake (moyo, mishipa, damu), anakisoma na wenzake wa vikundi vingine wenye kipande hichohicho, kisha anarudi kufundisha kikundi chake. Inanoga! Wanaelezana kwa Kiswahili, na sioni ubaya.

Shida: mmoja akielewa vibaya, kikundi kizima kinabeba kosa, na dakika 40 hazinitoshi kupita kote. Mkuu wa shule naye anaona ni kelele tu. Mnakagua vipi kabla hawajarudi vikundini? Na alama, za kikundi au za mtu mmojammoja?