Naomba ushauri: nipande nini katikati ya nyanya kupunguza minyoo na nzi weupe?

Asalamu aleikum wakulima wenzangu. Niko Mambrui, Malindi, nina matuta sita ya nyanya nyuma ya nyumba, udongo mchanga mtupu. Juzi nimeng'oa shina lililonyauka nikakuta mizizi ina vinundu kama shanga: minyoo fundo hao. Majani nayo ukiyatikisa, nzi weupe wanaruka kama unga. Mama anasema nichanganye mrihani na vitunguu. Jirani kashikilia mwarobaini, mti mzima huo, si utaninyima jua! Mimi nafikiria maua ya marigoldi, yanapunguza hiyo minyoo. Je, niyapande pamoja na nyanya au yatangulie msimu mmoja? Na mrihani niuweke umbali gani usigombanie maji? Aliyejaribu huku pwani anijuze.