Tupeane uzoefu: bwawa la kuogelea liliwahi kukuachia shida gani?

Mama Wawili:
Wakuu, habari zenu. Mwanangu wa miaka 6 alitoka kuogelea macho mekundu kama aliyemenya vitunguu. Wiki moja baadaye akaanza kuharisha maji matupu, siku kumi hajatulia. Kupima choo, wakakuta kijidudu kiitwacho Cryptosporidium. Kinachoniuma ni kwamba siku ile bwawa lilinuka dawa mpaka getini, nami nikajisemea hapa ni pasafi. Daktari akaniambia kijidudu hicho kina ganda gumu, kinaweza kuishi zaidi ya siku 7 kwenye maji yenye klorini ya kutosha. Wenzangu yamewakuta yapi?

Filimbi:
Pole sana, mama. Nimefanya kazi bwawani miaka mingi, na harufu hiyo imewadanganya wengi. Klorini ikikutana na mkojo, jasho na uchafu wa mwili hutengeneza kloramini, na hizo ndizo zinazonuka, zinazowasha macho na kukohoza watu. Ukiinusa ukiwa getini, ujue wengi wameingia bila kuoga.

Sisi tulipima mara kadhaa kwa siku: klorini isipungue miligramu 1 kwa lita, pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8. pH ikizidi hapo, klorini ipo lakini nguvu hamna. Jua nalo huila, kwa hiyo kipimo cha asubuhi hakikusaidii kitu ikifika saa nane mchana.

Kuna siku mtoto aliharisha majini. Nikapuliza filimbi, wote nje. Msimamizi akataka tufungue baada ya nusu saa. Nusu saa ni ya choo kigumu! Cha kuharisha unapandisha klorini hadi miligramu 20 kwa lita na kuishikilia hapo karibu saa 13. Tulibishana mbele ya wateja, nikakataa kufungua. Nilinyimwa zamu wiki nzima, na ingetokea leo ningekataa tena.

Mpole:
Mimi ni sikio. Mara tatu kwa mwaka mmoja. Siku hizi nikitoka nainamisha kichwa huku na huku maji yatoke, nakausha kwa taulo, vijiti vya pamba nimeacha kabisa.

Jirani Mwema:
Yangu ilikuwa jakuzi, lile bwawa dogo la maji ya moto. Siku ya pili vipele vya usaha vikanijaa kiunoni, hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana. Nikalaumu sabuni, kumbe ni bakteria, Pseudomonas. Maji ya moto humaliza klorini upesi. Ngazi zilikuwa na utelezi, niliuhisi kwa unyayo, na bado nikaingia.

Mama Tunu:
Naomba niseme ukweli wangu. Nilimpeleka binti yangu bwawani siku mbili tu baada ya kuacha kuharisha. Nilimvisha nepi ya kuogelea nikaona inatosha, kumbe choo chepesi hupita humo humo. Baadaye ndipo nikajua kwamba aliyeugua huyo Cryptosporidium anapaswa kukaa wiki 2 bila kuingia bwawani baada ya kupona. Mama Wawili, nimesoma habari yako nikalia. Huenda kuna mtoto wa mwenzangu aliugua kwa ajili yangu, na sitamjua.

Mama Wawili:
Dada, asante kwa kusema. Sikulaumu. Hata mimi wangu nilikuwa namwogesha akitoka, kabla ya kuingia sijawahi. Kaka Filimbi, nikifika bwawa nisilolijua niangalie nini?

Filimbi:
Omba kuona daftari la vipimo. Wanaopima kweli watakuonyesha bila kununa. Kisha simama ukingoni upande wa kina kirefu, utazame tundu la kutolea maji pale chini. Usipoliona vizuri, geuza urudi nyumbani. Mtoto muogeshe dakika moja kabla hajaingia, mpeleke chooni kila saa, na umfundishe kutema maji yakimwingia mdomoni.