ACL (kano ya katikati ya goti) ilikatika zamani na goti limesagika upande wa ndani, vyote vinatengenezwa kwa oparesheni moja?

goti_la_kulia: Habari wakuu. Nina miaka 47, ACL ilikatika nikiwa na 25 kwenye mpira, enzi hizo nilifunga bandeji nikapumzika maisha yakaendelea. Sasa huu mwaka wa pili goti linauma upande wa ndani mpaka usiku, na nikishuka ngazi linanikimbia kabisa. Eksirei inaonesha gegedu la ndani limeisha, la nje bado zuri. Daktari wa kwanza kasema goti zima libadilishwe, wa pili kasema anabadilisha nusu tu na hapohapo ananiwekea ACL mpya. Nimechanganyikiwa, kuna aliyepitia hii?

fizio_mstaafu: Kaka nikuulize kwanza, kinachokutesa ni maumivu au ni hilo goti kukukimbia? Maana nusu goti linategemea kano zako mwenyewe, ACL isipokuwepo mfupa wa muundi unateleza kwenda mbele kila ukikanyaga, mwisho kile kipande cha chuma kinalegea, na kama ile plastiki ya katikati ni ya aina inayosogea inaweza kuchomoka. Ndo maana kwa miaka mingi asiye na ACL alikuwa anaambiwa nusu goti sahau. Kuunganisha hizi mbili kumekuja kwa ajili ya watu kama wewe, umri bado mdogo, unatembea sana, upande mmoja tu ndo umeharibika. Ila kama ni baridi yabisi ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo, hapo nusu haifai, maana ugonjwa utakula na upande uliobaki.

Bi_Ngazi: Mimi nilifanyiwa zote mbili pamoja, huu ni mwezi wa nane tangu hapo. Kano walichukua nyuma ya paja langu mwenyewe. Maumivu yale ya usiku yalikata mapema lakini jamani msidanganyike na hilo, kano mpya inataka miezi 9 mpaka mwaka kushika vizuri, mwenzangu wa nusu goti peke yake alikuwa anatembea bila fimbo mimi bado nahesabu kukunja na kunyoosha. Kuendesha goti kwa mazoezi ndo kazi yenyewe!

mzee_wa_mashaka: Kwa nini ujisumbue, weka zima yaishe. Kwenye goti zima ACL inatolewa kabisa, huhitaji mpya.

fizio_mstaafu: Kwa mtu wa 70 nakubaliana na wewe mzee. Kwa 47 linaweza kuchakaa akiwa bado ana miaka mingi mbele, na kurudia goti zima ni shughuli nzito. Pia kama ana matege kuna njia ya kukata mfupa chini ya goti na kuunyoosha ili uzito uhamie nje, hiyo hamna chuma ndani ya kiungo. Na oparesheni ya pamoja inataka mkono uliozoea, tundu la kano linapita karibu sana na kile kibao cha chuma, likikosewa mfupa unaweza kupasuka. Muulize huyo wa pili ameshafanya ngapi, usione aibu. Halafu eksirei ulipigwa umesimama?

goti_la_kulia: Kusema kweli vyote, maumivu na kunikimbia, ila kulala naweza kuvumilia, kuanguka ngazini hapana. Eksirei nilipigwa nimelala kitandani.

fizio_mstaafu: Basi hujajua bado kama upande wa nje ni mzima. Rudia umesimama, uzito wote mguuni, na uombe MRI.

goti_la_kulia: Sawa, Jumatatu naenda. Nitaleta mrejesho.